Pikipiki kwenye utelezi wa masika: dakika 10 zisimalize faida ya msimu

MVUA za masika zinapoanza kumiminika kisiwani Pemba, kwa kawaida kati ya Machi na Mei, mkulima hufurahi akiwa shambani na huingiwa na wasiwasi akiwa njiani. Mvua ile ile inayoshibisha mpunga wa bondeni na muhogo wa kilimani ndiyo inayoigeuza njia ya shamba kuwa kama imepakwa sabuni.

Wasiwasi huo una sababu. Mazao hayatoki tena shambani kwa kichwa na kwa gari la ng'ombe peke yake. Sehemu kubwa hutoka juu ya keria ya pikipiki. Ndizi, muhogo, nazi, madumu ya mafuta, samaki wanaoshushwa Tumbe na karafuu zinazopelekwa vituo vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), vyote hivyo hupanda chombo cha magurudumu mawili.

Pikipiki imemsogezea soko mkulima mdogo na mchuuzi. Lakini mwenye pikipiki akianguka na mzigo wake, hapotezi mzigo tu. Hupoteza chombo, ambacho pengine bado anakilipia deni, hupoteza siku za kazi, na akiumia vibaya huweza kupoteza msimu mzima. Kwa hiyo kuendesha kwa usalama wakati wa mvua si suala la trafiki peke yake. Ni suala la biashara.

Tatizo lenyewe haliishii kwenye masika. Mavuno ya karafuu mara nyingi hukutana na mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Maana yake ni kwamba wakati ambao fedha nyingi zaidi ziko barabarani ndio pia wakati ambao barabara inateleza.

Ardhi ya Pemba ina tabia zake

Pemba si kisiwa cha tambarare. Upande wa magharibi na katikati ni vilima na mabonde yanayofuatana, na ndiko mikarafuu ilikostawi. Barabara kuu inayotoka Mkoani, kupitia Chake Chake, hadi Wete na Konde inapanda na kushuka, ina kona nyingi, na pembeni mwake hutokea njia za udongo zinazoingia vijijini na mashambani.

Wakulima wanazijua aina za udongo kwa majina, na dereva naye anapaswa kuzijua. Kinongo, ule udongo mwekundu wa vilimani, hunywa maji vizuri, lakini ukishakanyagwa na magari huwa mgumu chini na mlaini juu. Tabaka hilo jembamba la juu ndilo linaloteleza. Kinamo, udongo mzito wa mabondeni, ni hatari zaidi. Hunata kwenye tairi, hujaza kashata zote, na tairi lenye kashata zilizojaa kinamo halina tofauti na tairi kipara. Kinamo huweza pia kujikusanya kati ya gurudumu la mbele na madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Dereva mwenye busara hubeba kijiti na husimama kuukwangua udongo huo kabla haujamwangusha.

Upande wa mashariki, kama vile Micheweni, kuna maweni. Mawe hayo yakilowa na kuota ukungu wa kijani huteleza kuliko udongo, na kwa kuwa yana meno, anayeanguka hapo huchanika.

Lami nayo isimdanganye mtu. Dakika za mwanzo za mvua baada ya siku kadhaa za jua ndizo mbaya zaidi. Vumbi, mafuta na grisi iliyodondoka kwenye magari huchanganyika na maji machache na kufanya utando wa utelezi. Mvua ikiendelea kwa nguvu, utando huo huoshwa na lami huwa nafuu kidogo. Kwa hiyo anayeona manyunyu ya kwanza na kuongeza mwendo ili aiwahi mvua anakimbia katika wakati ambao alitakiwa kupunguza.

Yapo na mengine ya kuangaliwa: majani na maembe yaliyoanguka chini ya miti, mchanga na tope vilivyosombwa kutoka njia za pembeni, mashimo yaliyojaa maji ambayo kina chake hakionekani, na sehemu zenye kivuli kizito, kama njia inayopita katika Msitu wa Ngezi, ambazo hubaki na unyevu hata baada ya jua kutoka. Msimu wa karafuu huongeza jambo jingine. Wingu likitanda ghafla, watu hukimbilia kuanua karafuu zilizoanikwa majamvini karibu na barabara, na watoto huwa mbele. Dereva anapoona majamvi pembeni mwa njia na wingu juu, ajue kwamba wakati wowote mtu atakatiza.

Breki inataka nafasi

Eneo la tairi la pikipiki linalogusa barabara halizidi sana kiganja cha mkono. Viganja viwili hivyo, cha mbele na cha nyuma, ndivyo vinavyoshikilia dereva, abiria na mzigo. Maji au tope vikiingia kati ya kiganja na barabara, mshiko hupungua.

Hesabu yake si ngumu. Pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kila sekunde. Ikiwa dereva anatumia sekunde 1 kuona hatari na kushika breki, kwenye lami kavu atahitaji takriban mita 14 hadi kusimama. Mshiko ukipungua kwa nusu kwa sababu ya maji, atahitaji kama mita 20. Akiwa na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mita hizo huwa takriban 40 kwenye lami kavu na zaidi ya 60 kwenye lami iliyolowa. Kwenye tope, au kwenye mteremko huku gunia linasukuma kutoka nyuma, umbali huo huongezeka zaidi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne. Ndiyo maana kupunguza mwendo kidogo tu humpa dereva nafasi kubwa.

Kuhusu breki zenyewe, kwenye lami iliyolowa zote mbili zitumike kwa pamoja, taratibu, kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ikibanwa ghafla kwenye maji gurudumu hujifunga na pikipiki hulala kabla dereva hajajua kilichotokea. Kwenye tope, breki ya mbele iguswe kidogo sana au iachwe kabisa. Hapo kazi ifanywe na breki ya mguu pamoja na injini katika gia ndogo.

Kona hazifungiwi breki katikati. Mwendo hupunguzwa kabla ya kuingia kwenye kona, pikipiki ikiwa bado imesimama wima, kisha kona hupitwa kwa mafuta ya wastani yasiyopanda wala kushuka ghafla.

Wapo wanaoteremka vilima wakiwa wamezima injini au wameweka gia huru ili kuokoa petroli. Petroli inayookolewa ni kidogo mno, na kinachopotea ni msaada wa injini katika kuzuia mwendo. Mzigo wote huachiwa breki, na breki za drami zikipata joto au maji hulegea. Kilima kinachopandwa kwa gia ya pili kiteremkwe pia kwa gia ya pili.

Kwenye njia yenye mifereji ya magurudumu ya magari, dereva achague mfereji mmoja aufuate. Kuhama kutoka mfereji hadi mfereji ndiko kunakoangusha wengi, na wenye Vespa na skuta, ambazo magurudumu yake ni madogo, wawe waangalifu zaidi. Macho yatazame mbele, mita kadhaa, si chini ya gurudumu. Tope likizidi, abiria ashuke atembee na dereva aipitishe pikipiki peke yake. Hakuna aibu katika hilo.

Maji yanayokatiza njia yapimwe kwanza kwa mguu na kijiti. Yakiwa yanakwenda kasi na yanafika katikati ya gurudumu, kungoja ni bora kuliko kujaribu. Baada ya kuvuka, dereva aende polepole huku akigusa breki mara kadhaa ili zikauke.

Mzigo mbaya huanguka kabla ya safari

Ajali nyingi za mizigo huanzia pale inapofungwa. Mzigo ukiwekwa juu sana na nyuma sana, uzito huondoka kwenye gurudumu la mbele. Usukani huwa mwepesi, na kwenye mlima unaoteleza gurudumu hilo hukosa mshiko kabisa.

Mzigo mzito ukae chini na karibu na mgongo wa dereva, na ugawanywe sawa kulia na kushoto. Dumu lijazwe au liachwe tupu, kwani dumu lililofika nusu huchezesha maji, na maji yakicheza pikipiki hucheza nayo. Mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu hubana vizuri kwa sababu huvutika, na kama ni kamba ya kawaida, dereva asimame baada ya kilomita 1 au 2 aikaze tena, kwani mtikisiko na maji huilegeza. Ncha za kamba zifungwe zisifike kwenye cheni wala kwenye spoki.

Wenye karafuu wana hesabu yao ya pekee. Karafuu mbichi kilo 3 hutoa takriban kilo 1 ya karafuu kavu. Anayetoa karafuu mbichi shambani, basi, anabeba uzito mkubwa kwa thamani ndogo, na ni afadhali aende safari mbili nyepesi kuliko moja nzito. Anayepeleka karafuu kavu kituoni anabeba thamani kubwa kwa uzito mdogo, na adui yake ni maji. Karafuu zikilowa huota ukungu na hushuka daraja. Gunia livikwe nailoni au turubai kwanza, kisha lifungwe. Mvua ikizidi, kusimama kwenye baraza la duka hadi ipungue hakumpunguzii mtu kilo hata moja.

Wachuuzi wa samaki wawe na kasha lisilovuja. Maji ya samaki yakidondoka nyuma huteremkia kwenye tairi na kwenye breki, na utelezi wake hauhitaji mvua. Chumvi yake pia hula cheni, spoki na rimu. Pikipiki ya samaki ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila siku ya kazi, kisha cheni itiwe oili.

Ukaguzi wa asubuhi

Kabla ya kutoka, mambo machache yanatosha na hayachukui zaidi ya dakika 5.

La kwanza ni tairi. Kashata zikiwa zimebaki chini ya milimita 1, tairi hilo halifai kwa mvua, hata kama halijatoboka. Tairi la nyuma ndilo linaloisha upesi kwa wabeba mizigo, na kosa la kawaida ni kulihamishia mbele likiwa kipara. Upepo upimwe kwa kipimo, si kwa teke, kwa kufuata kiwango kilichoandikwa na watengenezaji kwa pikipiki yenye mzigo. Anayenunua tairi aangalie tarakimu 4 zilizopigwa ubavuni mwake: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi lililokaa dukani miaka mingi huwa gumu, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa.

La pili ni breki. Vitambaa vya breki vikiisha, fundi hawezi kuvirefusha kwa kukaza waya. La tatu ni cheni, ambayo isiwe imelegea wala kukauka. La nne ni taa. Wakati wa mvua taa iwashwe hata mchana, kwa sababu dereva wa gari la abiria aliye nyuma ya kioo chenye maji haoni pikipiki nyeusi yenye mtu aliyevaa koti jeusi.

Helmeti, buibui na mwavuli

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa juu ya chombo cha magurudumu mawili au matatu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa dereva kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kwa Mpemba takwimu hizo zina uzito wa ziada, kwani kisiwa kimezungukwa na bahari. Hospitali zipo Chake Chake, Wete na Mkoani, lakini kituo cha upasuaji wa ubongo kipo Hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja. Aliyeumia kichwa Micheweni ana safari ndefu ya barabara na kisha ya bahari au ndege. Helmeti iliyofungwa kamba chini ya kidevu ni rahisi kuliko safari hiyo. Isiyofungwa hutangulia kuanguka kabla ya mwenyewe.

Ndara ziachwe nyumbani. Mguu unaotakiwa kukanyaga tope na kushika breki unahitaji kiatu kinachoshika. Abiria wanaovaa buibui au kanga wakusanye nguo na kuzikalia vizuri, mbali na cheni na spoki, na dereva asiondoke kabla ya kuhakikisha. Mwavuli usifunguliwe pikipiki ikiwa inakwenda, kwani upepo ukiushika humvuta abiria, naye abiria huivuta pikipiki. Mshikaki, yaani abiria wawili kwa wakati mmoja, ni hatari hata wakati wa kiangazi, na kwenye utelezi hatari hiyo huzidi.

Haraka ina bei gani?

Kutoka Konde hadi Wete ni takriban kilomita 15. Anayekwenda kwa wastani wa kilomita 45 kwa saa hutumia dakika 20. Anayekwenda kilomita 30 kwa saa hutumia dakika 30. Tofauti ni dakika 10 tu.

Mfanyabiashara aziweke dakika hizo upande mmoja wa mizani. Upande wa pili aweke bei ya gunia lililomwagika kwenye tope, kioo na mkono wa breki vilivyovunjika, malipo ya fundi, nauli ya hospitali, siku ambazo hakwenda sokoni na rejesho la mkopo ambalo haliwezi kungoja. Kila mmoja anazijua bei zake, na si rahisi kupata biashara ambayo dakika 10 zitashinda.

Bima nayo ieleweke. Bima ya mtu wa tatu humlipa aliyegongwa. Hailipi gunia la mwenye pikipiki, wala chombo chake, wala mguu wake. Anayebeba mali ya watu wengine ni vizuri akubaliane nao mapema nani atabeba hasara mzigo ukiharibika njiani.

Ajali ikitokea

Injini izimwe na watu waondoke katikati ya njia, na mmoja asimame mbali kidogo awaashirie wanaokuja. Damu inayotoka izuiwe kwa kugandamiza kitambaa safi. Aliyeanguka akipoteza fahamu au akilalamika shingo na mgongo, asiinuliwe kwa kuvutwa mikono, na helmeti yake isivuliwe isipokuwa kama hapumui vizuri. La muhimu zaidi, mgonjwa wa namna hiyo asipakiwe kwenye pikipiki akiwa amebanwa katikati ya watu wawili. Litafutwe gari, alazwe juu ya ubao au kitanda, kichwa na shingo vikiwa vimeshikiliwa visigeuke.

Kilima kibaya kina wenyewe

Kila kijiji kina mahali panapojulikana kuwa hapapitiki mvua ikinyesha. Wenye pikipiki hupajua, wakulima hupajua, na sheha hupajua. Mara nyingi chanzo si mvua yenyewe, bali maji yaliyokosa pa kwenda yakaamua kupita njiani. Mtaro uliochimbwa pembeni kabla ya masika, na kifusi cha mawe kilichomwagwa penye kinamo, huweza kuubadili mteremko mbaya kuwa njia.

Kazi hiyo ni ya msaragambo wa siku moja au mbili, na wanaofaidika ni wote: mwenye shamba, mchuuzi, mama mjamzito anayepelekwa kituo cha afya na mtoto anayekwenda chuoni. Wakati wa kuifanya ni Februari, kabla udongo haujalowa, na tena Septemba kabla ya vuli. Panapokuwa na kazi kubwa kuliko nguvu za kijiji, kama kalvati lililovunjika, taarifa ipelekwe wilayani kwa maandishi mapema, si siku ambayo maji yameshafunga njia.

Hadi hapo njia itakapotengenezwa, dawa inabaki mikononi mwa dereva: mzigo mdogo, tairi lenye kashata, gia ndogo na mwendo wa pole. Soko la Chake Chake litafunguliwa na kesho.